Ufunguo Ninao Mimi

Ndugu msomaji, fundi cherehani akizuia suruali yako mpaka ulipe, utamwita mwizi? La hasha. Basi mimi je?

Tangu nimalize kidato cha nne natengeneza tovuti za watu, riwaya yangu ikisubiri mchapishaji (bado inasubiri). Na mwenye zahanati moja tulikubaliana shilingi laki tatu. Akatoa nusu. Tovuti ikasimama, namba ya simu ya mkunga wa zamu ikiwa juu kabisa. Tangu hapo ni njoo kesho, njoo kesho. Juzi kaniambia, "Dogo, kwani kompyuta inakula?"

Paswedi ninayo mimi. Nikitaka, tovuti inazimika sasa hivi. Tena niseme yote: jina la tovuti nililisajili kwa jina langu, si lake, wala sikumwambia. Fundi suruali anaizuia mbele ya macho yako. Mimi nilijiwekea rehani kimyakimya.

Kweli, WordPress niliyoitumia haikunigharimu hata senti. Tangu 2003 inagawiwa bure, na leseni yake inaruhusu hata kuiuza. Lakini wiki tatu za jasho langu nani kazigawa bure?

Jana usiku kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikaiona ile namba ya mkunga. Mama mwenye uchungu saa nane za usiku, deni hili linamhusu nini? Nikazima kompyuta, si tovuti.

Kesho namhamishia jina lake. Pesa yangu nitaidai pale pale mlangoni kwake, kwa mdomo, watu wakisikia.