Sindano isiyoahidi kuponya

Kuna swali kuhusu akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, ambalo madaktari hulipita haraka kwa sababu si la kitabibu. Mtu ana saratani. Unampa kitu ambacho wewe mwenyewe unajua hakiigusi saratani hata kidogo. Umemsaidia au umemlaghai?

Wengi hujibu kwa mkato. Wapo wanaosema kama hakiponyi, basi ni utapeli. Wengine: aah, mgonjwa kasikia nafuu, unataka nini tena? Majibu yote mawili yananikera, na hili la pili zaidi, maana linajifanya lina huruma.

Hebu tuchukue utafiti mmoja uliofanyika Marekani chini ya Dawn Hershman, ukachapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2018. Wanawake 226 walioshiriki walikuwa na saratani ya titi ya hatua za mwanzo, na walikuwa wakimeza vidonge vinavyozuia mwili kutengeneza homoni ya estrojeni, ili ugonjwa usirudi. Vidonge hivyo humezwa kwa miaka, na huwaletea wengi maumivu ya viungo. Vidole vinakakamaa asubuhi, magoti yanagoma kwenye ngazi. Wapo wanaochoka wakaviacha kabisa. Kwa hiyo maumivu haya si jambo la pembeni: anayeacha kidonge kwa ajili ya magoti anaufungulia mlango ugonjwa wenyewe.

Kundi moja lilichomwa sindano za kweli, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6. La pili lilichomwa sindano za kiini macho, fupi, za juujuu, mahali ambapo akupancha haipatambui. La tatu lilisubiri tu. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya kundi la kwanza yalishuka kwa pointi kama 2. La pili, kama 1. Na waliosubiri? Nao kama 1.

Hapo kwa waliosubiri ndipo pa kutulia kidogo. Wenzao wa sindano za kiini macho walilazwa, wakaguswa, wakahudumiwa, lakini nafuu yao ikawa karibu sawa na ya wasiochomwa chochote. Basi ile kauli kwamba "yote ni imani tu" haikai vizuri hapa. Ila washabiki wa sindano nao wasianze vigelegele: tofauti yenyewe ni kama pointi 1, na watafiti walikiri kwamba uzito wake kwa mgonjwa hauko wazi.

Nani basi aipime pointi moja? Mwenye goti. Kwake inaweza kuwa usiku mzima wa usingizi, au isiwe kitu. Lakini hawezi kupima kama hajaambiwa anapima nini. Ukimwambia sindano zitaamsha nguvu za mwili na uvimbe utayeyuka, umemnyang'anya mizani. Ukimwambia huenda zikapunguza maumivu kidogo, saratani haziigusi, na vidonge vyake aendelee kumeza, umemwachia mizani mkononi.

Utasikia, eti ukweli wa namna hiyo unaua matumaini, na bila matumaini hakuna nafuu. Mwaka 2010 Ted Kaptchuk wa Harvard na wenzake walichapisha jaribio la watu 80 wenye maradhi ya utumbo. Baadhi walipewa vidonge na kuambiwa wazi kwamba havina dawa ndani. Wakapata nafuu kuliko wasiopewa kitu. Ni maradhi mengine na watu ni wachache, sawa, lakini kile kisingizio cha kwamba lazima udanganye ili upoze kinaanza kupwaya.

Halafu kuna neno letu wenyewe. Kwa Kiswahili tumezoea kuziita hizi zote "tiba mbadala", na kibao kinatundikwa mlangoni bila mtu kushtuka. Mbadala ni kitu kinachokaa mahali pa kingine. Wale wanawake hawakubadilisha kitu, vidonge vyao viliendelea. Kwao sindano ilikuwa nyongeza, na nyongeza ni neno ambalo mwenye kibao hapendi kuliandika, kwa sababu linamrudisha mteja hospitali.