Mwisho Usiojileta

Mchezaji wa mpira wa miguu anadaiwa dakika 90 na za nyongeza. Acheze vizuri au vibaya, saa itamtoa uwanjani. Tenisi haina saa. Mechi huisha pale tu mmoja anapommaliza mwenzake, na kwa sheria ya zamani ya Wimbledon, seti ya tano ilidai tofauti ya gemu mbili hata kama jua limezama. Ina maana kwamba kwenye karatasi, mechi isiyoisha milele ilikuwa inawezekana. Kwa zaidi ya karne moja uwezekano huo haukumkosesha mtu usingizi, kwa sababu binadamu huchoka, hukosea, huachia. Hakuna marefu yasiyo na ncha, tunasema, na tunaisema kana kwamba ncha ni sehemu ya urefu wenyewe. Kwamba jambo likirefuka vya kutosha, mwisho utajileta.

John Isner wa Marekani ndiye aliyenifanya niutilie shaka usemi huo. Tarehe 22 Juni 2010, jioni, kwenye kiwanja namba 18 cha Wimbledon, alianza mechi ya raundi ya kwanza dhidi ya Nicolas Mahut wa Ufaransa, mtu aliyepitia mchujo ili kufika hapo. Giza lilipoingia walikuwa wamegawana seti, mbili kwa mbili. Siku ya pili walicheza seti ya tano peke yake mpaka giza likawakuta tena, gemu zikiwa 59 kwa 59. Ubao wa matokeo ulikwama kwenye 47 kwa 47, kwani waliouandaa hawakuwahi kufikiria kwamba ungehitaji kuhesabu zaidi ya hapo. Siku ya tatu Isner alishinda 70 kwa 68. Jumla saa 11 na dakika 5, na saa nane na ushei kati ya hizo zilitumika kwenye seti ya mwisho.

Kwa nini haikuisha? Tenisi imejengwa juu ya dhana kwamba anayeanza kupiga ana faida, lakini faida hiyo si kubwa kiasi kwamba haiwezi kuvunjwa. Isner ana urefu wa mita 2.08. Mpira wake wa kuanzisha unashuka kutoka juu kama embe linaloanguka mtini: anayelisubiri chini hana la kujadiliana nalo. Katika mechi hiyo alipiga mipira 113 ya kuanzisha ambayo Mahut hakuigusa. Mahut naye akapiga 103. Kila mmoja akawa ana ngome na hana silaha ya kuivunjia ngome ya mwenzake. Mchezo unaotegemea makosa ili umalizike ulikutana na watu wawili waliokuwa wamelifuta kosa kwenye nusu ya kazi yao. Kati ya gemu 138 za seti hiyo, aliyeanza kupiga alishindwa mara moja tu, kwenye gemu ya mwisho.

Na hapo kuna hesabu ambayo kila nikiirudia hunisumbua. Mahut, aliyeshindwa, alipata pointi 502. Isner, aliyeshinda, alipata 478. Zaidi ya mara 60 Mahut alianza gemu akijua kwamba akiipoteza hiyo tu, kila kitu kimekwisha, na kila mara akaiokoa, isipokuwa mara moja. Tukiuliza ni nani kati yao alikuwa bora siku zile tatu, urefu wa mechi hautusaidii hata kidogo. Tungetegemea kwamba kadiri watu wanavyopimana kwa muda mrefu ndivyo ukweli unavyojitokeza, kama tunavyoamini kuhusu kesi, mijadala na uchumba. Saa 11 hazikutoa ukweli wowote. Zilitoa mshindi, na mshindi huyo alikuwa mtupu: raundi iliyofuata Thiemo de Bakker wa Uholanzi alimfunga 6-0, 6-3, 6-2, kwa muda wa saa moja na robo hivi, bila Isner kupata hata mpira mmoja wa kuanzisha usioguswa.

Maisha yake ya awali yalikuwa na mipaka ya wazi zaidi. Alizaliwa Greensboro, North Carolina, mwaka 1985, akasoma Chuo Kikuu cha Georgia kwa miaka minne, na mwaka 2007 timu yake ikatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani kwa kuifunga Illinois, chuo alichokuwa akichezea Kevin Anderson wa Afrika Kusini. Chuoni mwisho hupangwa kabla ya mwanzo: ukiingia unajua mwaka wa kutoka, na hata ukishindwa utavaa joho. Majira ya joto ya mwaka huo huo wa 2007 alialikwa kwenye mashindano ya Washington akiwa hajulikani, akashinda mechi tano mfululizo, zote kwa taibreki ya seti ya mwisho, kabla ya Andy Roddick kumsimamisha fainali.

Taibreki ni gemu fupi ya kukata shauri seti inapofika sita kwa sita. Aliyeibuni ni Jimmy Van Alen, tajiri wa Newport aliyechoshwa na mechi ndefu, na wapenda tenisi wa kale walimwona mharibifu. Malalamiko yao yalikuwa na uzito: ushindi wa gemu mbili lazima mtu auvune mwenyewe, ilhali taibreki ni mwisho uliowekwa na kamati. Wimbledon iliendelea kuikataa kwenye seti ya tano hadi Julai 2018, Isner alipofika nusu fainali, hatua ya juu kuliko zote alizowahi kufika katika mashindano manne makubwa. Aliyekuwa upande wa pili ni yule yule Anderson wa Illinois. Walicheza saa 6 na dakika 36, Anderson akashinda seti ya tano 26 kwa 24, na fainali akaingia akiwa ameisha, akafungwa na Novak Djokovic seti tatu kavu. Mwaka uliofuata Wimbledon ikaweka taibreki ikifika 12 kwa 12. Tangu 2022 mashindano yote manne makubwa hukata shauri kwenye sita kwa sita, kwa taibreki ya pointi kumi.

Nimesoma wanaosikitika kwamba ushujaa umeuawa. Mimi naona taibreki ni kauli ya kweli kuliko ile seti isiyo na mwisho. Seti ile ilidai kwamba mbora atapatikana tu, subirini. Taibreki inakiri kwamba hawa wawili wako sawa, hatuna njia ya kuwatenganisha, basi tukubaliane mahali pa kukatia. Mwisho wa aina hii haugunduliwi. Unaamuliwa, na anayeuamua analazimika kubeba lawama.

Mchezaji wa kulipwa naye hana saa, na hakuna anayemwambia ameisha. Viwango vinashuka nafasi tatu, nafasi tano, na kila wiki kuna mashindano mengine. Isner alikuwa na mataji 16, likiwemo la Miami 2018, aliwahi kuwa namba 8 duniani, na hakuna mwanaume aliyewahi kupiga mipira ya kuanzisha isiyoguswa mingi kama yake, zaidi ya 14,000. Hakuna hata moja kati ya namba hizo iliyokuwa na uwezo wa kumwambia aache. Agosti 2023, akiwa na miaka 38, alitangaza kwamba US Open ndiyo ya mwisho. Raundi ya pili aliongoza seti mbili kwa bila dhidi ya Michael Mmoh, Mmarekani mwenzake, akarudishwa, na seti ya tano ikafika sita kwa sita. Kwa sheria ya kiwanja namba 18 wangeweza kuendelea mpaka usiku. Walicheza taibreki, Mmoh akaichukua kumi kwa saba.