Aliyeumia Njiani Kwenda Mgodini

Huulizwa mara kwa mara: mtu akivunjika mguu kabla hajafika kazini, mwajiri wake anadaiwa nini? Wengine hujibu upesi kwamba hadaiwi kitu, maana saa ya kazi haijaanza na njia si mali yake. Jibu hili lina sura ya haki, lakini tusilipokee kabla ya kulipima.

Tuchukue mfano wa karibu. Katika nchi ya Ufipa mna makaa ya mawe, na katika miaka ya karibuni yamechimbwa huko Namwele na Mkomolo, mkoani Rukwa. Tuseme kijana wa Mollo, karibu na mji wa Sumbawanga, ameajiriwa katika mgodi kama huo. Huondoka kwake alfajiri, na wakati wa mvua njia ya udongo huteleza. Leo amepanda lori la mgodi. Kesho lori limeondoka limejaa, naye akakodi pikipiki. Keshokutwa hana nauli, akaenda kwa miguu mpaka pale miguu ilipomfikisha. Kwa siku hizo tatu kijana ni yule yule, kazi ni ile ile na utelezi ni ule ule. Lakini sheria za nchi nyingi zimemhesabu kuwa watu watatu mbalimbali.

Chanzo cha jambo hili ni maneno machache. Sheria ya fidia ya Uingereza ya mwaka 1897 ilitaka ajali iwe imetokana na kazi, tena iwe imetokea katika muda wa kazi. Maneno hayo yalisafiri mpaka katika makoloni, Tanganyika ikiwemo, na maana yake imo hata leo katika Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Tanzania ya mwaka 2008. Basi ugomvi wote ni huu: kazi huanzia wapi?

Wachimbaji wa makaa ndio waliowalazimisha mahakimu kujibu. Mwaka 1908 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua juu ya mchimbaji aliyeitwa Cremins, aliyeuawa kwenye kituo cha reli akiwa katika safari ya kurudi kwao kwa treni ambayo mwajiri aliwapa wachimbaji bure. Mahakama ilisema kwamba safari ile ilikuwa sehemu ya mapatano ya kazi, na fidia ikathibiti. Lakini katika shauri la mgodi wa St Helens na mchimbaji Hewitson, lililoandikwa katika vitabu vya hukumu vya mwaka 1924, mtu aliumia ndani ya treni iliyowekwa makusudi kwa ajili ya wachimbaji, na mabwana wakubwa wa sheria wakamnyima. Hoja yao ilikuwa kwamba hakulazimishwa kupanda treni ile. Angeweza kwenda kwa njia nyingine.

Uhuru gani huu? Mtu ambaye asipofika hupoteza ujira, na asipopanda hafiki, huambiwa kwamba amechagua. Hukumu hiyo ilishika herufi ya mapatano ikaacha hali ya mtu mwenyewe. Bunge la nchi hiyo hiyo liliona upungufu huo, na mwaka 1946 likatunga sheria kwamba anayesafiri kwa chombo cha mwajiri, kwa ruhusa yake, ahesabiwe yumo kazini hata kama hakulazimishwa kukipanda. Ujerumani ilikwisha kutangulia mwaka 1925, ikamkinga hata aendaye kwa miguu, na Ufaransa ikafuata mwaka 1946. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1964, lilitaja njia iliyonyoka kati ya kazini na mahali patatu: nyumbani kwa mfanyakazi, mahali anapokula kwa kawaida, na mahali anapopokea mshahara. Aliyepotoka njia kwa starehe zake hakuingizwa, na huo ni mpaka wa insafu.

Yupo atakayesema: mwajiri hakukosa lolote, kwa nini alipe? Hapa mafundisho ya Islam yana jibu. Katika Sura An-Nisaa, aliyemwua muumini kwa bahati mbaya, bila kukusudia, ameamriwa kuwapa jamaa wa marehemu diya, isipokuwa wenyewe wasamehe. Haikungojewa kwanza ithibitike nia mbaya. Mjane huwa na njaa ile ile, awe mumewe ameuawa kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Kwa hiyo hata hoja ya kwamba ajali ni kudra ya Mungu haimwondolei mtu wajibu. Mwenye kukadiria ndiye aliyeamrisha diya.

Tena mzigo huo haukuachiwa mtu mmoja. Ukoo wake uliuchukua pamoja naye, na wanachuoni wa Kihanafi hueleza kwamba Sayidna Umar r.a. aliwatwisha wale walioandikwa pamoja katika daftari moja ya askari. Yaani ushirika wa kazi ulishika mahali pa ushirika wa damu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania Bara, ulioanza kazi mwaka 2015, unakaribiana na mpango huo: waajiri wote huchangia, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Waajiri binafsi walianza kwa kutoa asilimia 1 ya mishahara, na tangu mwaka 2022 ni nusu ya asilimia. Chini ya sheria ya zamani malipo ya ulemavu hayakuzidi shilingi 108,000. Kwa kuwa mzigo sasa umegawanywa hivi, kumkinga aliye njiani hakumfilisi mwajiri yeyote.

Limebaki jambo gumu zaidi. Kijana wetu ameanguka na pikipiki nje ya lango, na wenzake wanaombwa waseme alianguka ndani, ili watoto wake wapate riziki. Huruma yao naifahamu, wala siwalaumu upesi. Hata hivyo ushahidi wa uwongo haugeuki kuwa halali kwa sababu yatima wananufaika. Na akiisha kujulikana mwongo mmoja, wakweli kumi watakaokuja baada yake hawatasadikiwa. Vile vile msimamizi anayeandika kwamba lori la mgodi "lilimsaidia tu mpita njia", hali anajua kuwa lilikuwa likiwachukua wafanyakazi wake, ametoa ushahidi wa uwongo, naye hana hata kisingizio cha huruma. Shahidi na aseme lori lilipinduka wapi, lilikuwa la nani, na nani aliwaambia wapande. Kisha dai lipelekwe kwenye Mfuko likiwa na maneno hayo. Sheria ikionekana kuwa nyembamba, wafanyakazi na vyama vyao wadai ipanuliwe waziwazi, kama ilivyopanuliwa mwaka 1946.