Je, Kuficha Macho Mabovu Ni Uongo?

Tukipita miaka 40, lenzi ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu hufifia. Si dhambi wala laana. Lakini sisi tuliona aibu. Hapa Lobule mama mmoja alituomba tumsomee karatasi ya dawa. Tukabahatisha, tukasema vidonge viwili badala ya kimoja. Mjukuu wake ndiye alitusahihisha. Mzee Isaka alidanganywa kwa kutoona. Sisi tulidanganya kwa kuficha. Tukifika Koboko au Arua, tujaribu miwani ya kusomea tukiwa na Biblia mkononi, tukianza na namba ndogo. Ukiona ukungu hata kwa mbali, nenda hospitali. Kukiri udhaifu ni kumpenda jirani.