Hofu Isiyo na Maneno
Singeli, muziki wa kasi uliokulia katika vitongoji vya Dar es Salaam, vikiwamo vya Temeke, huibua swali zito: je, mdundo usio na maneno, uliotungwa kwa kompyuta, unaweza kubeba roho? Mtayarishaji hukata kipande kifupi cha kinanda, hukirudiarudia na kukiharakisha hadi mapigo yapite 200 kwa dakika, na sauti iliyokuwa tamu hugeuka kilio kinachomsisimua msikilizaji kwa hofu. Ndivyo ilivyo pia katika ngoma za pepo, yaani tiba ya kupunga pepo: pepo huitwa kwa mdundo wake, wala hashawishiwi kwa hoja. Kwa hiyo, hofu haimo katika mashine. Imo moyoni mwa binadamu, na mdundo hubisha hodi tu.