Ndiyo ya Mtu Asiyejua

Hivi mtu akisema "ndiyo" kwa jambo asilolielewa, amekubali kweli? Swali hili ni la zamani. Tunalikuta kwenye mikataba, tunalikuta kwenye ndoa, na siku hizi hata kompyuta inatutia mtegoni. Tuchukue kisa kimoja kinachojulikana.

Novemba 2021, Linus Sebastian, Mkanada maarufu kwa video zake za kompyuta, aliwaonyesha watazamaji jinsi alivyojaribu Pop!_OS, mojawapo ya mifumo ya Linux. Alitaka kitu kidogo tu: kupakia Steam, programu ya michezo. Vifurushi havikupatana. Mashine ikamjibu kwamba ili iweke hicho, itang'oa vingine, na ndani ya orodha ile ndefu lilikuwamo eneokazi lenyewe, yaani madirisha na vitufe vyote anavyovibofya mtu. Ikamwonya kuwa jambo hilo linaweza kuleta madhara. Ikamtaka aandike sentensi nzima ya Kiingereza yenye maana ya "Ndiyo, fanya ninavyosema!" Akaandika. Alipoiwasha upya, akabaki na skrini nyeusi yenye maandishi matupu.

Basi watu wakagawanyika. Wengine wakasema: kaonywa, kapuuza, shauri yake! Wengine wakauliza: jamani, mgeni atajuaje kuwa jina fulani kati ya majina kadhaa ya ajabu ndiyo paa la nyumba yake?

Mimi naona pande zote mbili zina haki, na hapo ndipo ugumu ulipo. Anayeonya kwa lugha isiyoeleweka hajaonya, amejikinga tu. Tena tumezoeshwa kujibu "ndiyo" mara mia kwa siku, hata neno lenyewe limechuja. Lakini aliyeandika ni yeye, kwa vidole vyake. Waliotengeneza Pop!_OS hawakuishia kusema "tulikwambia." Walirekebisha kasoro ya kifurushi, na wakaibadili apt, chombo kinachoweka na kuondoa programu, ili sentensi ile pekee isitoshe kubomoa. Huo ndio uungwana wa anayejua zaidi.

Na yule asiyejua, wajibu wake ni upi? Kwanza, asikimbie. Eneokazi likifa, kompyuta haijafa. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, kwa kawaida utaletewa mlango wa maandishi. Ingia kwa jina lako na neno la siri. Barua zako, picha, hata ule mswada wa hadithi uliouacha katikati, vimo palepale ndani ya /home, maana kuondoa eneokazi hakugusi mafaili ya mtu. Kisha fungua /var/log/apt/history.log. Humo kila kifurushi kilichoondolewa kimeandikwa, pamoja na tarehe, saa na amri iliyotolewa. Ukishasoma, rudisha kile kifurushi kikubwa kinachovuta vingine: kwa Ubuntu ni ubuntu-desktop, kwa Pop!_OS ni pop-desktop. Kama mtandao nao umeondoka, washa mashine kwa flashi yenye Linux, uingie kwenye diski mgonjwa kutokea huko.

Litazame vizuri lile faili la kumbukumbu. Halitukani wala halitetei. Linasema tu: hiki kilitolewa, saa fulani, kwa amri hii. Sisi binadamu tunaanza na lawama, ukweli unafuata baadaye, kama unafuata. Faili lile limeanza na ukweli, ndiyo maana linaweza kutibu.

Mtaani kwetu ushauri ni mwepesi: "Peleka kwa fundi apige windo upya." Sawa, kazi itaisha haraka. Lakini asiyeangalia atafuta na mswada wako, na wewe utarudi nyumbani hujui kilichokuangusha. Kesho utaulizwa tena, na utajibu "ndiyo" ileile.

Jibu langu, basi, ni hili: ndiyo ya asiyejua haimpi lawama yote, ila inampa kazi. Lawama inaweza kugawanywa kati ya aliyeuliza vibaya na aliyejibu haraka, na mabishano yakaendelea hata mwaka mzima. Matengenezo hayangoji mgawanyo huo. Anayaanza yule aliyekaa mbele ya skrini nyeusi.