Je, Samaki wa Mto Hana Mwenyewe?



Mwanzoni mwa kiangazi hiki wanaume wanne wa mtaa wetu, hapa Kampene, walinijia jioni baada ya sala, ili tushauriane juu ya safari ya kuvua. Vijito vya karibu vimekwisha. Mahali pengi wachimbaji huosha humo mchanga wa dhahabu na wa kasiterite, maji yamegeuka tope, na mama ashindaye kutwa na kikapu chake hurudi na kaa wawili. Kwa hiyo walitaka kwenda mbali, upande wa mto Elila, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyepata kufika.

Walikuwa wamepanga vema. Walihesabu nyavu na ndoana, mchele wa siku tano, chumvi, panga la kukatia kuni za kukaushia samaki. Walikumbuka hata kwamba mto mkubwa waweza kujaa usiku kwa mvua iliyonyesha mbali, huku mvuvi haoni wingu, na kwamba yafaa kulala juu, si ukingoni. Kuna Wakristu wadhanio kwamba kupanga hivi ni kupungukiwa na imani. Si kweli. Bwana wetu mwenyewe alitoa mfano wa mtu aketiye kwanza kuhesabu gharama, kabla hajaanza kujenga mnara.

Nikawasikiliza mpaka mwisho, kisha nikauliza, “Na wenyeji wa mahali pale, mmewapelekea habari?”

Wakatazamana. Mmoja akacheka, akasema, “Mwalimu, maji ni ya Mungu. Samaki hana mwenyewe mpaka aingie wavuni.”

Jibu hili si la kudharauliwa. Sheria ya kale ya Waroma yasema vivyo hivyo: mnyama wa porini, ndege na samaki huwa mali ya yule amshikaye. Mtakatifu Tomasi wa Akwino naye alifundisha kwamba kitu ambacho hakijapata kuwa cha mtu, kama vile vito viokotwavyo pwani, ni cha mwenye kukiokota. Tena alifundisha kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa kwa njaa, akitwaa cha mwenzake ili aokoe uhai wake, haibi. Basi kosa liko wapi?

Nitawaonyesha kwa habari yangu mwenyewe, ingawa naona haya kuiandika.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijawa katekista, tulikwenda vijana watatu katika kijito cha mbali, tusichokijua. Tukakuta dimbwi zuri, limezibwa kwa ukingo wa udongo na fito. Ukingo ulikuwa umeota majani. Tukaambiana kwamba wenyewe wamekwisha kuuacha, nasi mioyoni twajua kwamba majani huota hata juu ya ukingo wa juzi. Tukatwanga utupa, tukautia majini. Sumu ile haichagui: kambare wakubwa walielea, na vitoto vyao virefu kama sindano vikaelea pia, hata huko chini ya ukingo. Tulijaza vikapu viwili. Vile vidogo tuliviacha vioze.

Nilipokwenda kuungama, padri hakunikemea. Aliniuliza neno moja tu, “Umerudisha?” Nikamjibu kwamba samaki wameliwa. Akasema, “Samaki wameliwa, lakini mwenyewe yupo.”

Ikanibidi nirudi kule na mfuko wa chumvi, niulize nyumba kwa nyumba. Dimbwi lilikuwa la mama mmoja mjane. Aliipokea chumvi kwa mikono miwili, akanipa kiti, akasema, “Mwanangu, samaki wale nilikuwa nikiwangojea maji yapungue. Walikuwa wa matanga ya mume wangu. Wageni walikuja, wakala muhogo mtupu.” Hakuongeza neno. Mimi nilikuwa nimechukua chumvi iliyozidi bei ya vikapu viwili, nikidhani nitaondoka pale nimelipa.

Tazameni sasa fundisho la Mtakatifu Tomasi. Twaweza kukubali kwamba samaki yule, kwa nafsi yake, hakuwa wa mtu. Lakini ukingo ulikuwa wa mtu, na subira ya miezi ilikuwa ya mtu. Kwetu msituni karibu kila kijito chajulikana ni cha ukoo gani, ijapokuwa hakuna bango wala karatasi. Mgeni asemaye “hakina mwenyewe” husema tu kwamba yeye hamjui mwenyewe. Na njaa ya kufa hatukuwa nayo. Tulikuwa na mchele mfukoni.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito katika Maniema yetu. Mwaka 1871 David Livingstone alikaa Nyangwe karibu miezi minne akitafuta mitumbwi, asiuziwe. Watu wa Lualaba waliona kwamba amekuja katika misafara ya wafanyabiashara, nao hawakumwamini. Tarehe 15 Julai ya mwaka ule wenye bunduki waliwapiga risasi watu waliokuwa sokoni, na mamia walikufa, wengi kwa kuzama mtoni walipokuwa wakikimbilia mitumbwi. Katika vita vya mwaka 1998 hadi 2003 watu wengi wa jimbo letu walilala porini kwa kuwaogopa wanaume wasiowajua. Wanaume watano wakiwasha moto usiku kando ya mto wa wengine, mama wa kijiji kile atajuaje kwamba wamebeba nyavu tu? Atawabeba watoto wake, akimbie. Hofu ile nayo ni hasara tuliyomtia, hata tusipochukua dagaa mmoja.

Wale wanne walisema maji ni ya Mungu. Nami niliwafungulia Injili ya Luka, sura ya tano. Bwana, ambaye bahari na mito ni yake, alitaka kukaa katika chombo cha Simoni. Alimwomba asogee kidogo kutoka nchi kavu. Alimwomba mtu aliyekesha bila kupata kitu, akiwa amechoka, mwenye nyavu za kuosha. Samaki wengi walikuja baadaye.

Yule aliyecheka ndiye aliyejitolea kutangulia. Ameondoka Jumatatu pamoja na chumvi na salamu, kuuliza ni nani wenye sehemu ile ya mto, wanavua siku zipi, mahali gani pamekatazwa, na kama watatukubali au la. Utupa tumekubaliana usiguswe. Hajarudi bado, nasi hatujafunga mizigo.